Pole ya Kijapani

Hivi wewe, mwenzio akifiwa, unamwambiaje? Pole, si ndiyo? Basi Avelina wa Kinondoni naye alitaka kumpa pole mkwe wake wa Japani, mama mzazi wa mume wa binti yake Gladness, alipofiwa na mumewe. Akaandika "pole" kwenye kamusi ya simu, ikamletea gomen nasai. Akapiga, akaitamka kwa uchungu wote. Mara simu ikakatwa.

Avelina akajiandikisha darasa la Kijapani la jioni, juu ya duka la vitenge. Sababu hakumwambia mtu. Aliogopa amemtukana mfiwa.

Mwalimu wake, Nusaiba, alikuwa na utafiti wa chuo: anatafuta wanafunzi wanakwama wapi. Akagawa madodoso. Wote wakaweka vema kwenye "nimeelewa sana", Avelina wa kwanza. Utamwangushaje mwalimu mwenye moyo kama ule?

"Jamani, mnaniua kwa heshima!" Nusaiba alicheka, lakini uso umemshuka. "Kama mmeelewa wote, mie natafiti nini? Msimamizi wangu wa chuo kayakataa madodoso. Kasema siku hizi mtafiti anakaa na wanafunzi, anapiga nao stori, anasikiliza."

Basi akaweka simu mezani irekodi, akaanza kuwamiminia chai ya tangawizi. Ikamrukia mkononi.

"Gomen nasai!" Avelina akaruka.

"Kwani umemmwagia wewe, mama?" akadakia Romani, karani wa bandarini.

"Nimmwagie saa ngapi? Si nampa pole!"

Darasa likaangua kicheko. Nusaiba hakucheka, wala mkono hakuuangalia.

"Mama Gladness, hilo ni neno la mtu aliyekosa, anaomba msamaha. Wenzetu pole zao haziko kapu moja. Ya mgonjwa mbali, ya aliyetoka kazini mbali, ya mfiwa mbali."

Avelina akakaa. Kumbe alimwomba mjane wa watu msamaha, kama vile yeye ndiye aliyemuua mzee! Lakini tusi halikuwa tusi. Kifua kikamfunguka.

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Asante wewe, mama. Muhula mzima nalitafuta kosa kama hili."

"Na ya mfiwa inasemwaje?"

"Goshuushoo-sama desu."

Avelina akairudia taratibu, mpaka midomo ikaizoea.

"Cheti hicho, mama!" Romani akamtania.

"Cheti nifungie maandazi?" Machozi yalikuwa yanamlenga. "Mie nataka nimpigie mkwe wangu, tumlilie mumewe pamoja."