Jiwe Linalomngoja Mama Yake

Usiku wa kuamkia leo niliota niko juu ya Kilimanjaro na mwenzangu Mkunde, tunauliza mawe umri wao. Ndiyo kazi yetu hata tukiwa macho: kutafuta barafu ya kale ilifika wapi kabla dunia haijapata joto, na iliporudi nyuma iliyaacha wapi mawe iliyoyabeba.

Jiwe la kwanza lina ukubwa wa ng'ombe. Naliamkia, maana kwa umri limenizidi mno.

"Shikamoo."

"Marahaba," linajibu kwa sauti ya mtoto. "Umetoka kwa mama?"

"Mama yupi?"

"Barafu. Alinibeba mgongoni, akanitua hapa, akasema nisiondoke, anarudi sasa hivi. Sijaondoka."

Mkunde anashusha nyundo. "Aikande, mwambie."

"Mwambie wewe."

Hakuna anayethubutu. Nageuka kutafuta njia, najikuta wodini. Barafu amelazwa kitanda cha dirishani, shuka hadi shingoni, beseni uvunguni. Nesi anasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha zamani, ila kama mimi ni ndugu nikae.

"Mwanangu hajambo?" Barafu anauliza.

"Hajambo. Anakungoja."

"Nipeleke. Miguu sina tena."

Namfunga mgongoni kwa khanga, nashuka naye. Mwanzoni ananielemea. Ana changarawe tumboni, kila hatua zinanikwangua. Ananiomba radhi kwa kunilowesha. Nikikimbia, anamwagika, nikienda taratibu, jua linamkuta. Nalia, nakimbia, natembea, nakimbia tena.

Tunafika. Mkunde ananitazama mgongoni, kisha anatazama pembeni.

"Yuko wapi?" jiwe linauliza.

Nafungua khanga. Inadondosha maji.

"Huyu hapa," nasema.

Jiwe linaitazama khanga kwa muda mrefu. "Hapana," linasema. "Mama ni mkubwa." Halafu, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa: "Usijali. Nitaendelea kungoja."

Niliamka hemani kumekucha, Mkunde akichemsha chai mlangoni. Nikamsimulia yote. Hakucheka. Nilipoinama kuvaa viatu fulana ikapanda, naye akaweka sufuria chini.

"Aikande, mgongoni umefanya nini?"

"Kwani kuna nini?"

Akapitisha kidole polepole.

"Mikwaruzo. Imenyooka yote, inaelekea chini." Akatazama ncha ya kidole. "Ina mchanga."