Njia ya Jeneza Kutoka Tandika

Leo ni Alhamisi, tarehe 12 Februari, mwaka 2026, na kesho saa sita mchana muda wa kumtafuta mama yangu utakuwa umekwisha.

Jina langu ni Shamimu. Ninaishi Wazo, nina watoto watatu, na kwa miaka miwili sasa ninahudhuria darasa la watu wazima kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Mama yangu, Raudha binti Twaha, alifariki mwaka 1986, nilipokuwa na umri wa miaka minane. Alizikwa katika makaburi ya Kwa Songoro, nyuma ya Tandika, si mbali na nyumba tuliyokuwa tukipanga. Baadaye baba alipata kazi upande wa kaskazini, tukahama. Baba naye alifariki, akazikwa kwao Rufiji.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumpalilia mama, kama nifanyavyo kila mwezi wa Shaabani, nikakuta tangazo limebandikwa langoni. Nililisoma mwenyewe, kidole kikitangulia neno kwa neno. Lilieleza kwamba eneo lote litapitiwa na mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Kila familia ije ionyeshe kaburi lake kabla ya saa sita mchana, tarehe 13 Februari, liandikwe jina, marehemu ahamishwe na kuzikwa peke yake. Wasio na mtu wa kuwaonyesha watakusanywa katika kaburi moja, bila majina.

Sikuogopa. Kusema kweli, nilirudi nyumbani nikijisikia fahari, kwa kuwa tangazo lile lilikuwa la kwanza maishani mwangu kusoma hadi mwisho, na kaburi la mama nilikuwa nalijua. Lina mwarobaini kichwani. Nimelipalilia miaka kumi na moja. Foleni ya kuandikisha ilikuwa ndefu, nikapangiwa siku ya jana.

Jana afisa anayeandikisha makaburi, mtu mpole kutoka Bukoba aitwaye Gaudens, alikuwa ameshafungua kopo la rangi nyekundu ili aandike namba, ndipo mzee mmoja wa nyuma yangu akakohoa.

"Samahani, mama. Hapo amelala baba yangu."

"Baba yako? Mzee wangu, huyu ni mama yangu. Nampalilia mwaka wa kumi na moja huu."

Mzee yule, ambaye jina lake ni Mudathir, akapiga makofi. "Kumbe ni wewe! Sisi huja kila Rajabu, na kila mara tunakuta dalili kwamba kumefyekwa baada yetu. Mama yetu, Mungu amrehemu, amekufa na kinyongo. Aliamini marehemu alikuwa na mke wa pili Mbagala asiyetaka kujitokeza!"

Watu wa foleni walicheka. Na mimi nilicheka. Kisha Mzee Mudathir akasema kwamba chini ya mwarobaini, kiasi cha shibiri moja, kuna kisahani cha udongo chenye maua ya buluu, alichokuwa akinywea kahawa baba yake. Akachimba kwa kijiti mbele ya macho yetu. Kisahani kilikuwapo.

Nilipokuwa mtoto kulikuwa na mwarobaini mmoja. Niliporudi ukubwani nilikuta mmoja, nikaamini ndio ule. Kumbe mwarobaini hujiotea popote. Miaka kumi na moja nimemsomea Fatiha baba wa watu.

Aliyebaki hai anayeweza kujua ni mmoja tu, Shangazi Mwanakombo, dada yake baba, mwenye umri wa miaka themanini na moja. Leo asubuhi nimemfuata Gongo la Mboto.

"Shikamoo, shangazi. Unalijua kaburi la mama?"

"Marahaba. Silijui. Siku ile sikwenda, wanawake tulibaki ndani na kilio. Hukujua kwamba kwetu mwanamke hasindikizi jeneza?"

"Najua. Lakini baadaye baba hakukuonyesha?"

"Alinionyesha njia. Siku ya arubaini alinichukua nyumbani kwenu, akanipitisha kila lilipopita jeneza, mpaka akanisimamisha miguuni kwa mamako. Kaburi silijui, Shamimu. Njia naijua. Nipe kanga yangu."

Tulikodi bajaji hadi ilipokuwa nyumba yetu, ambapo sasa pana nyumba ya wageni ya ghorofa tatu. Shangazi aliitazama, akasema kwamba pale mlangoni palikuwa choo, basi wageni walale salama. Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu, fimbo yake mbele na mimi nyuma.

Mimi nilizaliwa mitaa ile, lakini leo nimeiona kwa mara ya kwanza. Penye duka la simu palikuwa na duka la ushirika, enzi za kuadimika kwa sabuni. Shangazi anasema watu walipanga mawe yawashikie foleni, kila mtu na jiwe lake, na mama yangu alikuwa na jiwe jeupe ambalo hakuna aliyethubutu kulisogeza. "Alikuwa mpole, lakini jiwe lake usiliguse!" Mbele kidogo, penye kituo cha mafuta, palikuwa na uwanja ambapo ngoma ya mdundiko ilikuwa ikianzia, ikizunguka mtaa hadi alfajiri. Jeneza lilipofika hapo, ngoma ilikuwa ikipigwa. Wapigaji waliweka ngoma zao chini, wakaja kulipokea, wakalibeba hatua chache kwa ajili ya thawabu, wakawarudishia wenyewe.

Sikuwa nimewahi kulisikia jambo hilo. Nilitaka shangazi asimame anieleze zaidi, lakini alikataa. Alisema akisimama ataipoteza njia.

Tulipokata kushoto tulikuta gereji. Fundi mkuu, Marijani, alitoka chini ya gari, amejaa oili hadi kwenye masikio.

"Shikamoo, bibi. Mnatafuta kiwanja nini?"

"Marahaba. Umeegesha gari juu ya njia ya maiti."

"Njia gani tena, bibi? Hapa pana mwenyewe na hati anayo!"

"Hati yake ina umri gani?"

"Miaka kumi na miwili."

"Mimi nimepita hapa na mimba ya mtu ambaye sasa ni mstaafu. Sogeza."

Mafundi walishangilia. "Bibi noma! Marijani, sogeza gari, umepatikana leo!" Na kweli alilisogeza. Shangazi alipita pale pale lilipokuwa gari, ingawa pembeni palikuwa na nafasi ya kutosha.

Baada ya gereji alianza kwenda polepole. Bonde la mpunga halikuwapo, na kisima alichokitafuta kimejengewa vyumba vya kupanga. Mara mbili alirudi nyuma hadi mahali alipokuwa na uhakika napo, akaanza tena. Jua lilikuwa kali. Nilimwomba apumzike, akaendelea kutembea. Nilimsikia akimwambia baba yangu kwa sauti ndogo, kana kwamba yuko mbele yetu, "Usikimbie, kaka, nakuja."

Hatimaye tulifika kwenye ukuta. Si ukuta wa makaburi. Makaburi yako upande wa pili wa barabara, hatua kama sitini, na mwarobaini wangu unaonekana kutoka hapo. Huu ni ukuta wa ghala la matairi. Shangazi aliuwekea kiganja.

"Yumo humu."

"Shangazi, una hakika?"

"Kulikuwa na makaburi hadi huku. Barabara ndiyo ngeni."

Mlinzi wa lango, Audax, alituruhusu kuchungulia tu, kwa kuwa kuingia hakuruhusiwi bila kibali. Nilichungulia. Ndani ni sakafu ya saruji kutoka ukuta hadi ukuta, na matairi yamepangwa hadi karibu na paa.

"Ilimwagwa lini saruji hii, baba?"

"Mimi nimeikuta, mama. Hata bosi naye kanunua ikiwa hivyo hivyo."

Tulivuka barabara. Gaudens alitusikiliza hadi mwisho, tena alimpa shangazi kiti chake. Alieleza kwamba yeye anaandika kaburi linaloonekana, lililo ndani ya mpaka wa ramani yake. Ghala haliko katika ramani. Halitahamishwa, wala hakuna fomu yake. Nilimuuliza kama mama atakuwa miongoni mwa wasio na majina. Alisema, kwa huruma iliyonichoma zaidi kuliko ukali, kwamba hata huko hatakuwamo.

Mzee Mudathir alikuwa hapo akisubiri namba yake. "Bwana afisa," alisema, "kwenye kibao cha baba andika majina yote mawili. Binti huyu amempalilia miaka kumi na moja. Baba alikuwa mkarimu, hatakataa mgeni."

"Mkarimu wa nini!" Shangazi aliinuka. "Mke wa kaka yangu alazwe kitanda kimoja na mwanamume ambaye hata mahari hakutoa?"

Foleni nzima ilicheka, hata Gaudens. Shangazi mwenyewe alicheka, kisha akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaendelea kutikisika muda mrefu baada ya watu kunyamaza.

Niliomba fomu tupu. Niliijaza yote kwa mkono wangu, jina la marehemu, mwaka wa kufariki, jina la mwandikishaji, na herufi zilikaa vizuri juu ya mistari. Penye namba ya kaburi sikuwa na la kuandika. Gaudens aliisoma, akasema mwandiko wangu ni mzuri, akanirudishia.

Sasa ni alasiri, nimo darasani. Mwalimu Felicitas ameniruhusu niandike haya badala ya zoezi, na amesema atanitolea nakala nizigawe kwa watu.

Inawezekana miguu ya shangazi imekosea. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo tulipoagana. Wanawake tuliambiwa tu, walioona ni wanaume. Kaburi lile lilichimbwa na watu wanne, na jeneza lilipokelewa na wengi wasiotujua, wapigaji wa mdundiko wakiwamo. Labda mmoja wao yu hai Yombo, Mtoni au Tegeta. Labda ni baba yako. Muulize kama mwaka 1986 alilibeba jeneza lililotoka nyuma ya duka la ushirika la Tandika, na kama anakumbuka lilishushwa upande gani. Akijibu baada ya kesho hatanisaidia kwa Gaudens, lakini bado ninataka kujua nisimame wapi. Mpe mwenzako karatasi hii, naye ampe mwingine, na mwenye kuipokea kama hajui kusoma, msomee.