Jiko la Arusi ya Wubalem

Ukumbi wa tatu ulikuwa na taa zilizoning'inia kama mashada ya zabibu, na viti vyake vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe mpaka miguuni. Wubalem aliupenda tangu alipovuka kizingiti. Baba yake, Ato Zeleke, hakuzitazama taa wala viti. Alimwuliza msimamizi jambo moja tu, yaani jiko liko wapi, akaelekezwa, akaenda peke yake akiwa ameishika kofia mkononi. Hakukawia. Aliporudi alimshukuru msimamizi kwa adabu, kisha akamgeukia binti yake.

"Hapa hapana, mwanangu. Twende."

Hivyo ndivyo alivyofanya katika ukumbi wa kwanza na wa pili. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba moyo haukumtulia, kisha akaanza kusifu jua la siku hiyo. Mzee huyo alikuwa fundi wa saa, mtu wa maneno machache, na neno alilolificha lilikuwa gumu kulitoa kuliko punje ya mchanga iliyoingia katika saa.

Sikukuu ya Timket, ya ubatizo wa Kristo, ilikuwa imekwisha kupita, na Mfungo Mkuu ulikuwa ukibisha hodi. Baina ya hizo mbili ndipo Addis Ababa nzima huwaoza mabinti zake, kwa kuwa mfungo ukishaingia hakuna ngoma wala nyama. Surafel, mchumba wa Wubalem, alikuwa amepewa uhamisho wa kwenda Gode, mji wa mbali, na alitakiwa kuripoti huko mfungo ukiwa katikati, akakae mwaka mzima. Arusi isipofungwa sasa, ingengoja mwaka.

Jioni Surafel alipopiga simu, walikisia wee mpaka wakachoka. Labda mzee anaogopa nzi. Labda anatafuta mahali pa kutundika ng'ombe mzima, kwa maana wageni wa upande wake hawaihesabu karamu kuwa karamu kama hawajakatiwa nyama mbichi. "Au anaonjaonja mchuzi wa bure," Surafel akasema. Wubalem alicheka, lakini udadisi ulimwasha kama upupu. Baba yake, ambaye nyumbani hakuwa akijua hata chumvi inawekwa wapi, alikuwa na shughuli gani na majiko ya watu?

Kesho yake alirudi peke yake katika ukumbi ule wa taa, akapita moja kwa moja mpaka jikoni. Mpishi mkuu, mtu mnene mwenye kitambaa begani, alimkumbuka mzee vizuri.

"Yule mwenye kofia? Aliniuliza kama wanawake wake wanaweza kuingia humu na visu vyao."

"Wanawake gani?"

"Hakuniambia, dada. Nikamwambia humu kitunguu cha nje hakiingii. Chakula chetu, wapishi wetu. Akauliza kama hata uani wangepata pa kukaa. Nikamwambia uani ni pa magari. Akanibariki, akaenda zake."

Wubalem hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kabla mtaa wao wa zamani haujabomolewa na watu kutawanywa katika maghorofa ya pembezoni mwa mji, mama yake, marehemu Tewabech, ndiye aliyekuwa mkuu wa masufuria katika chama chao cha kuzikana. Arusi ya jirani ilipokaribia, wanawake wa chama walikusanyika siku kadhaa mapema, wakamenya vitunguu gunia kwa gunia kwa ajili ya mchuzi wa kuku, huku wakiimba na kuwasuta waume zao. Hakuna binti wa mtaa ule aliyeolewa bila vitunguu vyake kupita katika mikono ya Tewabech.

Hata hivyo, jambo moja halikumwelea. Siku ya Timket alikutana na Emama Ayelech, rafiki mkubwa wa mama yake, akamwambia kwa heshima zote kwamba safari hii akina mama wasijisumbue, waje kama wageni, wakae, wahudumiwe. Aliona amefanya wema, tena aliondoka akijisifu moyoni. Ikiwa wanawake walikwisha kupumzishwa, baba alikuwa akiwatafutia jiko la nini?

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Emama Ayelech. Bibi huyo alimbusu shavu moja tu, akarudi kwenye kigoda chake na kuendelea kukaanga kahawa. Mtu aliyezoea kubusiwa mara nne hahitaji mkalimani.

"Emama, mlimwambia nini baba yangu?"

"Sisi? Hatukumwambia kitu. Tulimrudishia sufuria ya mama yako."

Wubalem alikuwa ameiona sufuria hiyo kubwa barazani kwao, imefunikwa gunia. Tangu msiba, wanawake wale walikuwa wakiitunza kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Aliporudi kutoka kazini na kuikuta pale, alidhani imeletwa kwa ajili ya arusi.

"Si ulisema tukae tuhudumiwe?" Emama Ayelech akaendelea, bila kuinua macho. "Maneno matamu kama asali. Basi mgeni wa nini na sufuria?"

"Nilitaka msichoke. Miguu yenu, Emama..."

"Miguu yangu imekuja kwako kulalamika? Mama yako alipokufa, tulikaa matanga turubaini tukamwambia baba yako, vitunguu vya mtoto huyu ni vyetu. Wewe ulikuwa ndani, kilio kimekulaza. Leo unatuambia mama yako kaondoka na urafiki wake."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Lakini ukimwambia mwenzako akae tu, ndivyo anavyosikia."

Wubalem aliuliza kwa nini basi baba yake hakumwonya. Bibi akamimina kahawa, akamsogezea kikombe, na sauti yake ikashuka kidogo. Mwanamume wa zamani, alisema, hawezi kumwambia binti asiye na mama kwamba amewavunjia watu heshima. Ameona heri apate ukumbi wenye jiko la kuingilika, awaite, yaishe kimya kimya.

Wubalem alikunywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Haya ilikuwa imempanda mpaka masikioni, lakini udadisi haukuwa umemwacha. Alipopewa cha tatu, akauliza jiko lenyewe linatakiwa liweje.

"Liwe chini, si ghorofani. Liwe na mlango wa kutolea moshi, na bomba la maji, na ukuta wa kuegemea. Na asiwepo kijana wa tai wa kutuambia tupunguze sauti."

Njiani alizipitisha akilini kumbi zote alizozijua, na hakuna hata mmoja uliofaa. Alipofika nyumbani akasimama katika uwanja wa maghorofa yao. Pale, kando ya kuta, palikuwa na nyumba fupi ya wakaazi wote, iliyojengwa kwa ajili ya kuchinjia na kuchomea mikate ya injera. Alikuwa akiipita kila asubuhi. Alichungulia dirishani: masizi ukutani, matairi chakavu, vitanda vibovu, na bomba pembeni. Mwenyekiti wa wakaazi alishangaa kuombwa, akakubali kwa sharti kwamba mwombaji aisafishe mwenyewe. Turubai lingesimama uwanjani, magari yalale nje siku mbili.

Hapakuwa na taa za mashada ya zabibu. Wubalem alisimama pale kitambo akiziaga, kwa maana alikuwa amezipenda kwelikweli.

Jumapili alilitoa gunia, akaanza kuisugua sufuria kwa majivu. Baba yake alikuja barazani, akamtazama, akatazama sufuria. Alivua koti, akashika mkono mmoja wa sufuria, Wubalem akashika wa pili, wakashuka nayo ngazi zote wakipumzika kila ghorofa, wakaipeleka kwa Emama Ayelech.

Mlangoni, Wubalem aliinama akamshika bibi magoti.

"Nilikosa, Emama. Naomba mnimenyee vitunguu."

"Inuka," bibi akasema. "Utaniangusha. Tuonyeshe hilo jiko kwanza."

Wakaja siku ya pili yake, wote waliobaki hai, wengine kutoka upande wa pili wa mji. Walilikosoa jiko kwa furaha kubwa. Mlango ni mwembamba. Bomba linalia kama paka. Mmoja akadai mahali pake ni karibu na dirisha, mwenzake akamwambia hapo ni pa mwenye haraka ya kisu, si pa mwenye haraka ya ulimi. Emama Ayelech aliketi chini, akaegemeza mgongo ukutani, akajaribu kushoto, akajaribu kulia. Kisha akatangaza kwamba wataanza Jumatano, kwa kuwa kila Jumatano ni siku ya kufunga na hakuna atakayepata kisingizio cha kuonja.

Ato Zeleke alikuwa uwanjani akipima kwa hatua mahali pa turubai, akipiga mluzi. Binti yake hakuwa amewahi kumsikia akipiga mluzi.

Surafel alipiga simu. Wubalem akamwambia mahali pamepatikana, pale pale chini ya nyumba yao, tena kabla ya mfungo.

"Panachukua wageni wangapi?"

Wubalem akageuka kuutazama uwanja, halafu jiko, ambamo ugomvi wa dirisha ulikuwa umeanza upya.

"Sijahesabu," akasema. "Lakini wamenyaji wa vitunguu wametosha wote."