Mhojiwa wa Tisa

Katibu muhtasi wa Profesa alikuwa na sharti moja kuhusu watoto: wasivuke ukingo wa zulia. Kwa hiyo yule mama alisimama kwenye saruji ya korido tangu saa tatu asubuhi, mtoto wa miezi minne mgongoni, sura ya tatu ya tasnifu yake mkononi ndani ya bahasha ya kaki. Saa sita na nusu maziwa yakaanza kupenya kwenye blauzi. Akaikumbatia bahasha kufunika madoa, kisha akaiondoa haraka. Karatasi zikilowa, atarudi tena kwenye duka la kuchapa, na wiki nyingine itapotea.

"Shoga, si ungemwacha nyumbani?" katibu muhtasi aliuliza bila kuinua macho.

"Nimwache na nani? Mama amepeleka mguu wake hospitali."

"Basi mbembeleze. Akilia, Profesa atasema hii ni idara, si wodi ya wazazi."

"Lakini si anatafiti mambo ya akina mama?"

"Anasimamia. Kutafiti ni kazi yako."

Wakacheka wote wawili, chini chini, mkono mdomoni. Mlango ukafunguliwa.

Profesa hakupokea kazi kwa barua pepe. Kioo cha kompyuta, alisema, kinamfanya mtu asome kama anayekimbizwa. Alitaka karatasi. Tena alitaka karatasi zisizo na jina. Kila mwanafunzi wake aliijua desturi hiyo na wengine walijivunia kuifuata, kama watu wanaovua viatu mlangoni.

"Kazi ihukumiwe yenyewe, binti yangu," alisema akiipima bahasha kwa kiganja. "Jina ni pambo tu. Litawekwa mwisho, kazi ikishaiva."

"Nashukuru, Profesa. Nije lini?"

"Usiwe na haraka. Kwani mtoto ulimzaa kwa siku moja?"

Yule mama naye alikuwa akifundisha hapo idarani, na wanafunzi wake walimwita Mama Tamthilia. Alikuwa mhadhiri wa muda kwa mwaka wa saba, mkataba wa muhula mmoja mmoja, na hakuwa na ofisi. Alisahihishia kazi katika stoo ya ukumbi wa maonyesho, amekaa kwenye kiti cha enzi cha mbao nyembamba ambacho wafalme wa maigizo ya mwaka wa pili walikikalia kila Novemba. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa mfupi, akauwekea kitabu chakavu cha nadharia. Alisema hapo nadharia ilikuwa imepata kazi hatimaye.

Utafiti wake ulihusu tamthilia za kisasa, na wasiwasi wa mwanamke aliyetoka kujifungua. Wahakiki waliomtangulia walikuwa wamemgeuza kila mama wa jukwaani kuwa taifa. Mama akilia, taifa linalia. Akiuguza, taifa linauguzwa. Yeye aliandika kwamba huyo ni mama, na analia kwa sababu hajalala siku kumi na moja. Sura ya tatu aliiandika kwa kalamu, mtoto amelala pajani, na katika ukurasa wa kumi na nne aliandika sentensi ambayo mkono ulisita kuimaliza: Mzazi haogopi tu kwamba mtoto atakufa, anaogopa kwamba yeye ndiye atakayemuua. Chini yake, kwenye tanbihi, akaeleza kwamba mtafiti mwenyewe, wiki ya sita baada ya kujifungua, alikusanya visu vyote vya jikoni akampa mama yake avifiche, na kwa mwezi mzima nyumba ile ilimenya vitunguu kwa kucha.

Hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote. Aliyaweka maneno hayo kwenye tanbihi kwa sababu aliamini kwamba elimu ni mahali ambapo mtu anaweza kusema kweli bila kupigiwa kelele.

Ukapita mwaka. "Bado naisoma, binti yangu. Nzito." Ukapita wa pili. Mtoto akatembea, akasema, akajifunza kufungua mlango. Ndipo idara ikatangaza nafasi moja ya kudumu ya mhadhiri wa tamthilia. Mwombaji awe amekamilisha shahada ya uzamivu. Akaunganisha sura zote tano, ile ya tatu akiitoa kwenye flashi yake, akawasilisha tasnifu nzima kwa ofisi ya masomo ya juu, ambako kila kazi hupitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi.

Sura ya tatu ilirudi imepakwa rangi nyekundu mwanzo hadi mwisho. Asilimia tisini na moja. Chanzo: makala ya Profesa, iliyochapishwa miezi minane nyuma katika jarida la nje.

Aliisoma makala hiyo amesimama maktaba. Sentensi zake zilikuwa zimekaa vilevile, na koma zake. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeguswa. Tanbihi ilikuwa imepandishwa juu, ndani ya maandishi: *Mhojiwa wa tisa, mwanamke wa elimu ya chini, alinisimulia kwamba alikusanya visu vyote vya jikoni.*

Akatafuta wahojiwa wanane wa kwanza. Hawakuwepo.

"Usiwaambie hayo ya visu," mama yake alimwambia asubuhi ya kikao cha kamati iliyomwita kujibu tuhuma ya wizi wa maandishi.

"Ndiyo ushahidi pekee nilio nao, mama. Mwandiko wangu hauna tarehe. Bahasha haikuwa na jina."

"Kuna ushahidi unaomfunga anayeutoa, mwanangu."

"Basi niseme nini?"

"Niache mimi nije niseme. Visu nilivificha mimi, chini ya godoro langu, nikalala juu yake kama mganga. Watanisikiliza, mimi mzee."

"Hawapokei shahidi asiye mwanataaluma."

Mama yake akafikiri. "Aliyeiba ni mwanataaluma?"

"Ndiyo."

"Haya."

Aliomba akiwa anamvalisha mtoto viatu, kama alivyozoea kuomba, katikati ya kazi. Aliomba ulimi usimkwame. Alijaribu kumwombea Profesa pia, maana ndivyo alivyofundishwa tangu utoto, kuwaombea wanaomwonea. Alifika kwenye jina lake akanyamaza. Akafunga kamba ya kiatu. "Mengine unayajua," alisema, na mtoto akaitikia, "Amina."

Kamati ilikuwa na watu watano, na mlangoni katibu muhtasi akagawa maji ya chupa. Alipomfikia yule mama alimnong'oneza, "Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Kuwa na adabu tu, mdogo wangu." Kweli, Profesa alikuwa amekaa upande wa kamati, kama mtaalamu wa kuwashauri. Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Wote wakainamisha vichwa, na sauti ya Profesa ikasikika kuliko zote.

"Unatuhumiwa kunakili makala ya msimamizi wako," mwenyekiti alisema. "Una la kusema?"

"Sura ile niliiandika mimi, mwenyekiti. Nilimpelekea Profesa miaka miwili na zaidi iliyopita, kwa mkono."

"Kuna hati ya kupokelewa?"

"Hatoi hati."

"Jina lako lilikuwa kwenye sura?"

"Hataki jina."

"Nakala ya kompyuta?"

Akaweka flashi mezani. Mjumbe kijana aliyevaa tai akaitazama bila kuigusa. "Tarehe za hiki kitu hata mwanangu wa darasa la nne anazibadilisha."

Profesa akaachia pumzi ya huruma. "Waheshimiwa, huyu ni kama binti yangu. Sitaki aharibikiwe. Vijana wanasoma kazi zetu mpaka wanasahau mpaka uko wapi. Hata mimi enzi zangu nilikariri walimu wangu."

Ndipo yule mama akasema. Alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Mwulizeni Profesa mhojiwa wa tisa ni nani. Alimhoji wapi? Alimhoji siku gani?"

"Wahojiwa hulindwa majina yao," Profesa alisema kwa upole. "Hayo tunayafundisha mwaka wa kwanza."

"Ni mimi. Yule mwanamke ni mimi. Visu ni vyangu. Mtoto ni wangu. Na sina elimu ya chini."

Kwa muda mfupi alidhani ameeleweka. Mjumbe mmoja mwanamke, mtu mzima, alikuwa ameinua uso na kumtazama kama mtu anayemtambua ndugu kwenye umati. Kisha akatazama chupa yake ya maji.

"Ngoja nielewe," mwenyekiti alisema, na sasa alikuwa ameshika kalamu. "Unaiambia kamati hii kwamba uliwahi kutaka kumdhuru mtoto wako?"

"Sikutaka. Niliogopa. Ndiyo tofauti ninayoiandika kwenye sura nzima."

"Lakini uliona ni lazima visu viondolewe."

"Kwa sababu niliogopa."

"Na hali hiyo ilikutokea mara ngapi?"

"Mwenyekiti, tunazungumzia nani aliandika."

"Tunazungumzia ulichokisema mwenyewe." Aliandika mstari, akaupigia mstari mwingine chini. "Katika nafasi ya kudumu utawalea vijana wa watu, mama."

"Binti yangu amechoka," Profesa alisema. "Niliona zamani. Alikuwa akisimama koridoni mwangu na mtoto mgongoni, amelowa kifua, hajitambui. Ndiyo, huenda katika mazungumzo yetu alinisimulia jambo, nami nikalihifadhi kwa faida ya elimu. Simlaumu. Apumzike."

Uamuzi ulitoka siku ile ile, na mwenyekiti aliuita wa huruma. Hatafukuzwa. Sura ya tatu itaondolewa, au itabaki kwa sharti kwamba kila aya ionyeshe chanzo chake, yaani Profesa. Maombi yake ya kazi ya kudumu yatasubiri ripoti ya daktari wa akili. Mkataba wa muhula utaendelea, maana somo la tamthilia halikuwa na mwalimu mwingine.

Alisaini. Kalamu ilikuwa ya mwenyekiti.

Nyumbani mama yake alimenya viazi, akamkabidhi kisu amalizie, akaenda kumwogesha mtoto.

Muhula uliofuata makala ya Profesa iliwekwa kwenye orodha ya lazima, na mtihani ukaja na swali moja lisiloepukika: *Jadili hoja ya Profesa kuhusu wasiwasi wa mzazi, ukizingatia ushahidi wa wahojiwa wake. Alama ishirini.* Mwongozo wa kusahihishia aliuandika Profesa mwenyewe. Hoja nne, alama tano kwa kila hoja. Mstari wa mwisho ulisema: *Mtahiniwa asiyejikita kwenye hoja ya mwandishi asipewe alama.* Vijitabu ishirini vya majibu, vitakavyochaguliwa na idara, vingepitiwa upya kuona kama msahihishaji amefuata mwongozo.

Alikaa kwenye kiti cha enzi na vijitabu mia moja na arobaini. Jua la mchana lilipita kwenye tundu la bati likakaa juu ya meza. Walikuwa wamemsoma vizuri, watoto wale. Waliandika kwamba Profesa ni mwanamume wa kwanza kuingia ndani ya moyo wa mama. Alitoa tano, tano, nne, tano.

Kijitabu cha sitini na mbili kilikuwa na aya moja tu. Mwandiko ulilala kulia, wino ulikuwa umekandamizwa mpaka ukatokea upande wa pili.

*Nimeisoma makala hii mara tatu. Mimi nina mtoto wa miezi saba, niko naye hosteli kwa siri. Aliyeandika ukurasa wa kumi na nne hakusimuliwa na mtu. Huyo ni mhojiwa wa tisa mwenyewe ndiye anayeandika, na sijui kwa nini jina lake halipo. Sina hoja nyingine. Naomba radhi.*

Aliusoma mwongozo tena, kutoka juu. Hakuna mahali palipotoa nafasi, hata ya nusu alama. Nje, kwenye jukwaa, wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi, na msichana mmoja alikuwa akirudia kilio kilekile kwa sababu mwelekezaji alisema hakijafika nyuma ya ukumbi.

Akakiweka kijitabu chini ya vingine vyote. Akakitoa. Kisha akaandika sifuri pembeni, duara dogo, safi, akatia saini ya msahihishaji kwenye kisanduku chake.

Cha sitini na tatu kilianza: *Kama Profesa anavyotufundisha.* Akaweka tiki.