Sanduku Lisilopumua

Sanduku lilikuwa linapiga vals peke yake juu ya kaunta ya Mzee Charif, kati ya taa za chemli na makopo ya biskuti, na dukani hapakuwa na mtu wa kucheza. Tum, cha, cha. Tum, cha, cha. Mzee Charif aliweka kiganja juu ya mbao zake zilizong'arishwa, kama mtu anayemtuliza ng'ombe, akaniambia kwamba hilo halichoki, halili, wala halisusi. Nikamwomba alizime. Akalizima. Nikamwomba aliwashe tena.

Nilikuwa nakwenda pale kila nikitoka kazini. Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Moroni, na ilikuwa miaka ile ya mwishomwisho ya Wafaransa. Kura ya uhuru ilizungumzwa kila baraza, na Wazungu wa maofisini walikuwa wameanza kuuza makabati na friji zao. Vitu visivyo na wenyewe vikaingia madukani kwa njia hiyo. Hivyo ndivyo Mzee Charif alivyopata masanduku mawili ya umeme yanayotoa sauti ya ngoma bila mpigaji. Moja lilikuwa hilo la mbao, kubwa, lenye safu ya vitufe vyeupe vilivyoandikwa majina ya dansi. La pili lilikuwa dogo, la bati la kijivu. Alikuwa ameliweka chini, karibu na magunia ya karafuu, na hakuwa amelitaja mpaka nilipolikwaa kwa mguu.

Aliyenituma alikuwa mama mkubwa Roukaya, dada yake mama, kiongozi wa chama cha wanawake wa mtaa wetu kule Mutsamudu, kisiwa kingine. Jirani mmoja aliyekuja kwa ndege ndiye aliyeniletea maneno yake. Mdogo wangu Zaïnati anaolewa. Chama kimechanga, kinataka mashine ya ngoma, na mimi niliye Moroni niichague. Iwe kubwa, alisisitiza, wageni wa Mirontsy, mji jirani, wakiingia waione kabla hawajaisikia.

Nikamuuliza jirani chama kina haja gani na mashine wakati kina mama yangu.

Akaitazama sakafu. Akasema mama hapigi tena, mkono wa kulia umepooza tangu baada ya Maulidi, na kwamba yeye alidhani ninajua.

Sikujua. Mama alikuwa amekataza nisiambiwe.

Mama yangu, Nouriat, ndiye aliyekuwa akiongoza ngoma katika kila shughuli ya wanawake mtaani. Alikuwa na tari kubwa ya ngozi ya mbuzi, na akiipiga, wasichana wote wenye tari ndogo walimtazama bega, si mkono, maana begani ndiko mdundo ulikotangulia kuonekana. Kwetu mtoto wa kike hujengewa nyumba. Yangu ilikuwa imesimama ghorofa nzima juu ya yetu, imebaki kupakwa chokaa, na mume alikuwa amekwisha kupatikana, mfanyabiashara mpole ambaye sikuwa na neno baya juu yake. Lakini nilipopanda kuona vyumba vile, miguu yangu haikukubali kukaa. Nilizunguka kutoka dirisha hadi dirisha mpaka mama akaniuliza kama nimepoteza kitu. Baada ya wiki chache nilikuwa Moroni. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliyetoka kwa mlango ule asiusumbue tena kwa kubisha.

Na Moroni nako sikutulia. Nilihama chumba mara kadhaa, bila ugomvi na mwenye nyumba yeyote. Jumapili nilitembea kwa miguu mpaka Itsandra, nikifika nageuka, nisikae hata kunywa maji. Ofisini, mashine ya chapa ikisimama, vidole vyangu viliendelea kugonga meza mpaka mkuu wetu akainua macho.

Basi nikachagua sanduku kwa namna hiyohiyo, kwa kwenda na kurudi. Lile kubwa lilikuwa na kila kitu alichokitaka Roukaya: vals, rumba, chacha, bolero, machi. Lilipiga kwa sauti safi, nzito. Lakini lilitaka umeme wa ukutani, na umeme wa mtaa wetu ulikuja ulipotaka. Kasi yake nayo ilikuwa ya kuchagua kwa kitufe, polepole, wastani au haraka. Kati ya moja na nyingine hapakuwa na njia. Lile dogo lilitumia betri, lilikuwa na midundo michache iliyolia kama njegere ndani ya kopo, na mbele yake palikuwa na kirungu kikubwa cha kuzungusha, kama cha redio ya zamani, ambacho kilivuta kasi na kuilegeza.

Siku moja alikuwamo dukani Fundi Soilihi, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaa ule, aliyekuja kununua utambi. Sanduku kubwa lilikuwa linapiga rumba. Nilitarajia atukemee, kwa kuwa ni mtu aliyejulikana kwa ukali. Akasimama tu na utambi wake, ameinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani angevumilia. Halafu akauliza ni nani anayepiga. Mzee Charif akamweleza.

"Nilijua si mtu," akasema Fundi Soilihi. "Halipumui."

Akalipa, akaenda zake. Mzee Charif akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimekumbuka jinsi mama alivyokuwa akiishikilia tari kidogo kabla ya kiitikio, kiasi cha pumzi moja, wanawake wote wakabaki wameinua mguu, kisha akawaachia. Pumzi ile haikuwa na kitufe.

Nikaliinua sanduku la kijivu kutoka sakafuni, nikaliweka kaunta, nikalifuta vumbi kwa ukingo wa leso yangu. Nikabonyeza vals. Nikabonyeza rumba bila kuiondoa vals. Mzee Charif akanionya kwamba nitaliharibu, lakini halikuharibika. Midundo miwili ikapandana, mmoja wa mapigo matatu na mmoja wa manne, ikagombana kwanza, halafu katikati ya ugomvi wao nikasikia kitu kinachofanana sana na wadaha, ngoma yetu ya wanawake ya kinu na mchi. Nikashika kirungu, nikakivuta nyuma kidogo, nikakiachia.

"Hilo la bati watakucheka nalo," Mzee Charif alisema. "Nakwambia kama baba yako."

Nikamjibu kwamba najua.

Nililipakata ndani ya ndege njia nzima. Kutoka uwanja wa Wani gari lilipita Mirontsy, na nilipoona wanawake wamesimama barabarani na sinia za vyakula vya harusi vichwani, nililifunika sanduku kwa leso. Mlangoni kwetu sikubisha. Ulikuwa wazi, kwa sababu ya shughuli, na watu walikuwa wakiingia na kutoka. Nikapita pamoja nao kama mgeni.

Roukaya alilitazama sanduku, akalizunguka, akauliza lingine liko wapi. Nilipomwambia hakuna lingine, aligonga bati lake kwa ukucha. Kisha akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba chama kizima kimejinyima ili mimi Loutfia nilete kopo la maziwa.

Mama alikuwa ameketi pembeni mwa ukumbi wa juu, ndani ya nyumba iliyokuwa iwe yangu na ambayo sasa ilikuwa ya Zaïnati. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa. Alikuwa amejitanda shiromani nyekundu, uso umepakwa msandali, na mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu alichoombwa kumshikia mtu. Nilikwenda nikainama, nikaubusu mkono wa pili. Hakuuvuta.

Alasiri ile ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Wageni wa Mirontsy walikaa mstari wa mbele. Kinu kikawekwa katikati, wasichana wakasimama na michi, wengine na tari, na Roukaya akanipa ishara kwa kidevu, kama mtu anayeruhusu jino ling'olewe. Nikabonyeza vals na rumba.

Sanduku likaanza. Ndani ya duka lilikuwa limenivutia. Ndani ya ukumbi ule lilikuwa kuku anayedonoa bati. Wasichana wa tari walijaribu kulifuata, wakaliwahi, wakalisubiri, likawapita. Michi ikagongana ndani ya kinu. Mtu wa Mirontsy akaziba mdomo kwa leso, jirani yake akamfuata, na kicheko kikatembea ukutani mpaka dirishani. Wasichana wakasimama. Sanduku halikujua kwamba wamesimama, liliendelea. Nilitafuta swichi ya kuzimia na vidole vyangu havikuiona. Zaïnati, ambaye alipaswa kukaa ameinamisha macho kama bibi harusi, aliinua uso akanitazama, na huruma iliyokuwa machoni mwake ilinitia hamu ya kukimbia tena, papo hapo, bila viatu.

"Lete hapa," mama akasema.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu nilipoondoka. Nikampelekea, bado linadonoa. Akaashiria niliweke mapajani, juu ya ule mkono uliolala. Alilisikiliza. Akaweka mkono wa kushoto juu ya kile kirungu, akakizungusha mbele, akakirudisha nyuma, akipima uzito wake, na uso wake ukawa na ukali ninaoujua, ule aliokuwa nao akikaza ngozi ya tari juani.

Halafu akakivuta. Mdundo ukalegea, ukalegea, mpaka nikadhani umekufa. Wanawake wakaacha kucheka ili wausikie. Akaushikilia hapo kiasi cha pumzi moja, kisha akauachia, na bega lake la kushoto likatangulia.

Wasichana waliliona bega. Tari zikaingia. Mchi wa kwanza ukapiga kinu, wa pili, wa tatu, na sauti ya sanduku ikazama chini ya mbao na ngozi, ikawa kama mfupa ulio ndani ya nyama. Alipotaka kiitikio aliwavuta nyuma. Alipotaka miguu, aliwasukuma. Mwanamke wa Mirontsy aliyeanza kicheko alikuwa wa kwanza kusimama.

Mama akanitazama, kisha akautazama mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani. Nikauchukua.

Sikuwa nimeshika mchi siku nyingi. Aliniacha niingie kwa upole, mzunguko mmoja, wa pili, halafu akaanza kuongeza. Aliongeza mpaka leso ikanianguka. Mmoja baada ya mwingine wenzangu walijitoa wakicheka, wakihema, na mimi nilipotaka kujitoa aliongeza tena, akinikazia macho, hana tabasamu, nami nikapiga. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka. Sijui kama alikuwa ananiadhibu au ananikaribisha. Sidhani kama yeye mwenyewe alitenganisha. Nilichojua ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilipozunguka madirishani, palikuwa na kitu kinachokwenda mbio kuliko mimi.

Aliponiachia, niliketi sakafuni miguuni pake, jasho linanitiririka. Hakunigusa. Alikuwa anamwambia Roukaya kwamba spika ya kitu hiki ni mbovu na kwamba itafaa kikalishwe juu ya sinia ya shaba.

Siku ya kurudi Moroni, Roukaya alinichukua kando akasema kwamba nimeona hali, mama yangu ni mgonjwa, mtoto mkubwa ni mimi, kazi za ofisini hazina mwisho na Wazungu wenyewe wanaondoka. Nilichukua mkoba wangu, nikashuka chini. Mama alikuwa uani, anachambua mchele kwa mkono mmoja, sinia ameibana kwa magoti. Sanduku lilikuwa kando yake, limefunikwa kitambaa kama kikapu cha mkate.

Nilimwambia gari limefika. Akaitikia kwa kichwa. Aliokota kijiwe, akakitupa.

"Hizi betri hazitafika Ramadhani," akasema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Moroni zimejaa, nitampa mtu yeyote anayepanda ndege amletee.

Akachambua kidogo, akasukuma mchele safi upande mmoja.

"Usimpe mtu," akasema.