Soli za Khairiya

Nilimpenda sana Khairiya alipokuwa wa mwisho. Ni vibaya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka juzi alipojiunga na klabu yetu ya jogging hapa Kurasini, alikuwa anakimbia kainamia upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Kila baada ya kilometa mbili anakaa kwenye ukingo wa barabara anasugua nyonga. Mimi ndiye niliyekuwa nikirudi nyuma kumchukua. "Twende shoga, mdogo mdogo," ninamwambia, bendera ya klabu nimeiegemeza begani. Siku hizo nilijiona mtu mwema sana.

Asiyezijua klabu za jogging za Temeke anaweza kudhani bendera ni kitambaa tu kwenye mti wa ufagio. Mshika bendera ndiye anayetangulia, ndiye anayepigwa picha, ndiye anayepokewa kwanza tukialikwa na klabu nyingine, na bendera yenyewe haigusi chini mpaka tufike. Nimeishika miaka sita. Ofisini, kwa wakala wa forodha, mimi ni karani wa kugonga mihuri na hakuna anayenikumbuka jina vizuri. Jumapili asubuhi malori ya makontena yanasimama kunipisha.

Basi mwaka jana Khairiya akaenda hospitali kwa fundi wa viungo. Fundi akamkanyagisha kwenye boksi la povu laini, mguu mmoja mmoja, akampima na nyonga, akagundua mguu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa kidole. Baada ya wiki mbili akarudi na soli za ndani za kupimwa, za buluu, za kutumbukiza kwenye raba. Mwezi wa kwanza hatukuona kitu. Mwezi wa tatu alikuwa katikati ya msafara. Mwezi wa sita nilikuwa nasikia pumzi yake nyuma ya sikio langu.

Na mimi wakati huohuo kisigino kilikuwa kimeanza. Asubuhi nikitoka kitandani, hatua ya kwanza ni msumari. Nikishatembea kidogo unapungua, nikikimbia unarudi. Sikumwambia mtu. Khairiya akaona mwenyewe.

"Da' Sekela, twende nikupeleke kwa fundi wangu," aliniambia siku moja. "Na wewe akupime."

"Kwani nimekuwa kilema?"

"Jamani, mie nilikuwaga hivyohivyo. Si ulikuwa unaniona?"

"Basi niazime hizo zako nijaribu."

Akacheka. "Hizi za miguu yangu tu, dada. Ukizivaa wewe zitakuumiza."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimevimba kwa hasira. Kwao wana duka la jumla tangu enzi za babu yake, vitambaa mpaka darini, na bado ananinyima vipande viwili vya sponji! Uchoyo wa namna gani huo? Nilimwonea wivu miguu, nikamwonea wivu pumzi, nikamwonea wivu hata ile kanga anayojifunga kichwani ambayo hailowi jasho. Usiku nilikuwa nikimhesabia makosa yake, na kwa kuwa hayakuwa mengi, nilirudia yaleyale.

Kisha mwenyekiti wetu, Mzee Albano, akatangaza kuwa klabu moja ya Kawe imetualika Jumapili. Kutoka Kurasini mpaka Kawe, kwa miguu, halafu chai kwao. Akanitazama usoni mbele ya watu.

"Sekela, nakuona siku hizi unachechemea. Jumapili ukichechemea, bendera anaichukua Khairiya."

Jumamosi baada ya mazoezi mepesi tulikutana nyumbani kwa Khairiya kupanga safari. Kwao, kama kwa watu wote, viatu vinavuliwa mlangoni. Tulikuwa watu ishirini, raba zimelundikana pale nje. Nilikaa mkekani nikinywa tangawizi, nisisikie neno moja la kikao. Mawazo yote yalikuwa mlangoni.

Nikaaga mapema, nikasema nimeacha maharage jikoni. Nilichuchumaa kwenye lundo kama natafuta viatu vyangu. Soli zilitoka kirahisi, zikiwa bado na joto. Nikazitia ndani ya fulana, nikaondoka.

Jumapili alfajiri Khairiya alifika uso umemshuka.

"Soli zangu sizioni. Nimepekua nyumba nzima. Watoto hawa, wallahi..."

"Pole, shoga," nilisema. Na sauti haikutetemeka.

Alikimbia hivyohivyo. Mimi nikatangulia na bendera, na niwaambie, ilikuwa raha. Sehemu ya nyuma ya soli zile ilikuwa na kina, imekumbatia kisigino, na ule msumari ulikuwa umetoweka. Tukapita bandarini, tukapita mjini, watu wanaimba nyuma yangu na mimi naongoza. Nikasema moyoni, kumbe siri yote ilikuwa hii! Daraja la Salenda nilivuka nikicheka.

Namanga goti la kushoto likaanza kuuma. Nikaongeza sauti ya wimbo. Maumivu yakapanda pajani, yakaingia kwenye nyonga, palepale Khairiya alipokuwa akipasugua zamani. Nilikuwa nakimbia kama mtu mwenye mguu mmoja kwenye ngazi. Kufika Mikocheni nyonga ikakataa kabisa. Nikaanguka kwenye ukingo wa barabara, mikono yote miwili nimeinua bendera juu isiguse chini.

Mzee Albano akaidaka. "Mvueni kiatu cha kushoto! Leteni dawa ya kuchua!"

"Msinivue!" nilipiga kelele. "Niacheni, nitapona tu!"

Khairiya alikuwa amefika kutoka nyuma, anachechemea vibaya, jasho linamtoka mpaka kwenye ile kanga. Akapiga magoti. Mimi nauvuta mguu huku, yeye anauvuta kule. Akafungua kamba, akavua kiatu, akatazama ndani.

Buluu. Na maandishi ya fundi kwa kalamu nene: KHAIRIYA, KUSHOTO.

Nilimngoja apige kelele. Ningekuwa mimi, Mikocheni yote ingesikia. Yeye alikigeuza kiatu mdomo chini, akakiweka chini ya goti lake mahali Albano hawezi kuona, akaanza kunichua. Alinichua vizuri, bila haraka.

"Ya kushoto imeinuliwa," alisema taratibu, mimi tu nisikie. "Mguu wako si mfupi, da' Sekela. Ungeniuliza."

Kisha akanivalisha kiatu changu na soli yake ndani, akafunga kamba, akasimama. Albano akampa bendera. Angeweza kuzichukua palepale, lakini angelazimika kueleza amezipata wapi.

Mimi nilipakiwa kwenye bajaji ya kubebea maji. Kutoka Mikocheni mpaka Kawe nilimtazama kwa nyuma, anainama upande mmoja, anajinyoosha, anainama, na bendera haishuki. Mnadhani niliona aibu? Aibu ilikuja baadaye. Kwanza niliona wivu. Hata anachechemea alikuwa anaibeba vizuri kuliko mimi.

Kawe walitupokea kwa ngoma. Tukavua viatu mlangoni kwa wenyeji wetu, wote wakaingia kunywa chai. Nilibaki wa mwisho. Nikatoa zile soli, nikazirudisha kwenye raba za Khairiya, kulia na kushoto. Zilikaa mahali pake bila kusukumwa.

Nilipoingia ndani Mzee Albano alikuwa amesimama na kikombe.

"Nimetazama," alisema. "Sekela ameanguka, lakini bendera hakuiangusha. Huyo ni mshika bendera. Khairiya amejitahidi, ila mtu mzima unapotezaje soli za kupimwa kwa ajili yako? Mguu wako ndio huo umeharibika njia nzima. Uzembe siupendi. Bendera ibaki kwa Sekela."

Watu wakapiga makofi. Nikamtazama Khairiya. Alikuwa amekaa mkekani, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, anamenya yai. Akasogea kidogo kunipa nafasi ya kukaa.

"Sawa, mwenyekiti," alisema. "Nilizembea."

Albano akaniletea bendera mkononi. Ilikuwa yangu. Ningekaa kimya sekunde mbili tu, ingekuwa yangu miaka sita mingine, na mtu mmoja tu duniani angejua, naye asingesema kamwe. Hilo ndilo lililoniuma kuliko nyonga. Huyu mwanamke alikuwa anataka kunishinda mpaka kwa wema!

"Soli zipo mlangoni," nilisema kwa nguvu, mpaka makofi yakakatika. "Kwenye raba zake. Nimezirudisha sasa hivi."

Nikamnyooshea bendera Khairiya. Akaipokea kwa mkono wenye yai.