Saa za Lutufyo

Tusekile aliporudi Ibighi, pale Tukuyu, kutoka kuzika, alikuta chumba cha kazi kiko vilevile walivyokiacha: meza mbili, kompyuta mbili, na koti la mvua la mumewe likining'inia nyuma ya mlango. Hakulia. Kule Lupepo, kijijini kwa wakwe zake, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake mpaka matanga yakaisha, na huko pia hakulia, hadi shangazi mmoja wa marehemu akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mumewe, Lutufyo, aligongwa na lori pale Kiwira, asubuhi ya ukungu, akiwa kwenye pikipiki anakwenda Mbeya kuonana na mteja. Tusekile aliambiwa, akasikia, akaelewa. Zaidi ya hapo hakuna kilichomfikia. Alikuwa kama mkono uliokufa ganzi baada ya kulaliwa: unauona kabisa kuwa ni wako, ila ukiubana hausikii kitu.

Wote wawili walikuwa mafundi wa tovuti. Walisoma pamoja Mbeya, wakaoana, wakafungua kiofisi chao, wakawa wanatengenezea tovuti nyumba za wageni, makanisa na vyama vya wakulima wa chai. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Lakini kazi ambayo Lutufyo aliipenda kuliko zote hakuwahi kuiuza. Ilikuwa plagini, kijiprogramu ambacho fundi anakichomeka kwenye tovuti ili ifanye jambo ambalo peke yake isingeweza. Aliipa jina la Majira, na kazi yake ilikuwa kutaja saa kwa Kiswahili. Tovuti za kawaida zikiandika kwamba ibada ni saa 8:00, wapo wazee watakaofika saa nane mchana wakute kanisa limefungwa. Majira iligeuza ikasomeka saa mbili asubuhi, basi.

Aliiweka mtandaoni bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ukiwa wazi, mtu yeyote auchukue, ausome, aurekebishe na kuugawa atakavyo. Mafundi wa Tanzania na Kenya waliichukua wakaiweka kwenye tovuti za zahanati, redio, mabasi na makanisa. Wengi wao Lutufyo hakuwahi hata kusikia sauti zao. Wakikwama walimwandikia, naye aliwajibu huku anakunywa chai, wakati mwingine anacheka peke yake.

Tusekile alifungua barua pepe za mumewe kwa ajili ya wateja wa ofisi. Akakuta mlundikano wa barua za watu wa Majira. Programu za kuperuzia mtandao zilikuwa zimebadilishwa toleo, na plagini ikaanza kuchanganya asubuhi na jioni. Zahanati fulani ilikuwa imeita wajawazito kliniki saa mbili usiku. Watu walilalamika, wengine kwa adabu, wengine kwa ukali. Fundi mmoja wa Morogoro, jina lake Hezron, alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Kaka Lutufyo, ndiyo umetuacha?"

Aliusoma mstari huo akaendelea na barua inayofuata.

Kosa lenyewe aliliona. Halikuwa gumu, siku nyingine angelimaliza kabla chai haijapoa. Lakini kila alipoufungua ule msimbo alikutana na maelezo ambayo Lutufyo aliyaandika katikati yake kwa ajili ya mafundi wenzake, yale mambo yake ya utani, na vidole vikamgoma. Alikaa akiangalia kioo mpaka kikazima chenyewe. Akainuka akafagia. Akakaa tena.

Ndipo alipoandika Prosper. Huyu alikuwa amewahi kumtumia Lutufyo marekebisho madogo, mtu wa maneno mazuri. Alisema kosa la saa analifahamu na dawa yake anayo, ila anahitaji kupewa mamlaka ya kuingiza toleo jipya. Kama kaka amechoka, alisema, yuko tayari kuubeba mzigo wote.

Tusekile alimjibu kupitia anwani ya mumewe. Hakujitambulisha, hakueleza kitu. Aliandika: "Chukua. Mimi siwezi tena." Kisha akamkabidhi Majira yote, kama mtu anayepokelewa ndoo ya maji njiani bila hata kumtazama anayeipokea.

Prosper alitimiza ahadi. Saa zikarudi sawa, watu wakashukuru, barua zikapungua. Tusekile akaendelea na kazi za ofisi. Wateja walisema anafanya vizuri. Chakula alikula akikumbuka. Mvua za Tukuyu zilinyesha, zikakatika, zikanyesha, naye akawa anaanua nguo na kuzianika tena.

Mchungaji Geresoni ndiye aliyempigia simu. Tovuti ya usharika wake ilitengenezwa na Lutufyo mwenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliulizia kwanza habari za nyumbani. Akasema kwa upole kwamba waumini wakibofya saa za ibada wanapelekwa kwenye kubashiri mechi. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameonyesha simu yake mbele ya baraza, na watu wanauliza kama marehemu ndivyo alivyoitengeneza.

"Nimewaambia hapana," mchungaji alisema. "Lakini mimi si fundi, binti yangu. Naomba uniambie wewe."

Tusekile alisema ataangalia. Aliangalia, na hakuchukua muda. Ndani ya toleo la mwisho la Majira, chini kabisa, palikuwa na mistari mipya iliyofichwa kwa makusudi, na mkono ulioiandika haukuwa wa Lutufyo. Kila tovuti iliyotumia Majira ilikuwa imelipokea toleo hilo yenyewe bila kuuliza, kwa sababu walimwamini mwenye plagini. Na ukurasa wa Majira ulikuwa bado unasema, kwa herufi zilezile: imetengenezwa na Lutufyo, Tukuyu.

Alimwandikia Prosper, kupitia anwani ileile ya mumewe, akimtaka aiondoe mistari ile. Jibu lilikuja siku hiyohiyo.

"Kaka, ulinipa mwenyewe. Ulisema huwezi tena."

Alilisoma tena na tena. Alitegemea hasira, akaisubiri kama unavyosubiri maji yachemke. Haikuja. Alichokiona ni kwamba huyu mtu anazungumza na maiti na hajui, na wa Morogoro hajui, na wengine wote hawajui. Hakuna aliyewaambia. Kazi hiyo ilikuwa yake, na alikuwa ameikwepa tangu arudi kutoka makaburini.

Jumamosi alikwenda Lupepo. Mama mkwe wake, Debora, alikuwa jikoni anamenya ndizi, naye akashika kisu wakamenya pamoja. Walipofika katikati ya mkungu, Debora aliuliza kile chombo cha mwanawe ambacho watu wa kanisani wanakisema ni kitu gani. Tusekile akamweleza alivyoweza: saa, tovuti, watu wa mbali, kijana aliyekabidhiwa.

"Lutufyo alikuwa anakigawa bure?"

"Bure, mama. Kwa yeyote."

"Sasa huyu ameiba nini, kama kilikuwa cha bure?"

Tusekile aliacha kumenya. Utomvu ulikuwa umemganda vidoleni, mweusi.

"Jina," alisema. "Watu wanapelekwa kwenye kamari kwa jina la Lutufyo."

Debora aliitikia kwa kichwa. Hakusema pole, wala hakulia, ingawa yeye kulia hakukumshinda tangu siku ya kwanza. Alisema tu, "Basi ukalitoe huko, mwanangu. Ndaga." Baada ya shukrani hiyo ya Kinyakyusa akarudi kwenye ndizi zake.

Jumatatu asubuhi Tusekile aliandika kwenye jukwaa la mtandaoni ambapo mafundi wote wa Majira hukutana. Aliandika kama alivyozoea kuripoti hitilafu, bila kupamba: "Mimi si Lutufyo. Mimi ni mke wake, Tusekile. Lutufyo alifariki kwa ajali ya barabarani. Majira iko kwa mtu mwingine na mimi ndiye niliyempa. Ameweka kitu kibaya ndani. Iondoeni leo."

Pole zilimiminika kutoka miji ambayo hajawahi kufika. Hezron wa Morogoro aliomba radhi kwa ule mstari wake, kisha akauliza kama ipo nakala safi ya zamani. Ilikuwepo, kwenye kompyuta ya Lutufyo. Na kwa kuwa yeye mwenyewe aliruhusu kila mtu aichukue, hakukuwa na wa kumzuia mkewe, hata Prosper. Tusekile alikaa na ule msimbo akaurekebisha, akipita katikati ya utani wa mumewe mstari kwa mstari. Hakufuta hata mmoja. Hezron akaujaribu kwenye tovuti zake, wakautoa kwa jina jipya, Saa Zetu.

Penye jina la mtunzaji palimsimamisha. Alianza kuandika Lutufyo, akafuta. Mtu aliyekufa hajibu barua, na watu wakikwama wanataka kujibiwa. Aliandika jina lake.

Mchungaji Geresoni alibadilishiwa siku hiyo, akawatangazia waumini wake Jumapili. Zahanati nayo ikahama, na redio mbili. Wengine hawakuhama, labda hawakuona tangazo. Baada ya malalamiko mengi, waendeshaji wa ghala la plagini, kule mtandaoni ambako mafundi huzichukulia, waliifunga Majira. Tusekile alipokwenda kuangalia, ukurasa ulisema plagini hii haipatikani tena. Jina la Lutufyo lilikuwa limetoka kule, kama Debora alivyotaka, na pamoja nalo ukurasa mzima alioujenga. Alikaa akipatazama mahali ulipokuwa. Kifuani palikuwa kimya.

Barua ya kwanza iliyoandikwa kwa jina lake ilitoka Singida. "Dada Tusekile, ikifika saa sita usiku tarehe inakataa kugeuka. Naomba msaada." Haikuwa na pole ndani yake, wala salamu ya msiba, inaelekea huyo mtu hakuwa na habari yoyote.

Tusekile alivuta kiti. Akamjibu kwamba ameupata ujumbe wake, amtumie picha ya kioo kinavyoonyesha tatizo, halafu akafungua msimbo aanze kutafuta.